Viganja vya Shangazi Kauthar

Mimi nashona nguo. Mshono ukiwa mbovu, nguo yenyewe inanisema mbele za watu, tena siku ya harusi, wakati kila jicho liko mgongoni mwa aliyeivaa. Kwa hiyo nimezoea vitu vinavyosema ukweli, na kama kuna jambo lililoninyima raha mwaka huu ni vichupa na vipakiti vya urembo, ambavyo mbele vina picha nzuri na nyuma vina maandishi madogo kama mayai ya chawa. Anayeandika hivyo hataki usome. Sitaki kuambiwa vingine.

Fremu yangu iko mtaa wa Shanwe, hapa Mpanda, na ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa saluni ya Kauthar. Tumekaa hivyo miaka mingi, mimi na cherehani yangu, yeye na vitana vyake, tukisikilizana hata kukohoa. Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe wao. Yeye ni mtoto wa mjini, baba yake aliuza vitenge sokoni Mpanda tangu sokoni pale hapajawa na paa. Ananiita Mama Makoye. Kusuka anajua, kucheka anajua, na akikasirika anajua vilevile. Kitu kimoja tu Mungu hakumpa, nacho ni mtoto wa kumzaa.

Akampa Zuleha. Zuleha ni binti wa kaka yake, Uwesu, na tangu anaanza kutembea kila likizo ilimkuta kwa shangazi yake. Mikono ya Kauthar ndiyo iliyomsuka nywele za kwanza, ikampaka mafuta, ikamchapa alipoanza kujibu jeuri. Uwesu na mkewe Rabia walikuwa wakitania kwamba mtoto wao amekopwa na hajarudishwa.

Sasa katika ukoo wao kuna jambo ambalo halina mjadala. Bi harusi anasingwa na shangazi. Hawakodi somo, wala hawamwiti mama mdogo. Siku ya mwisho kabla ya ndoa, shangazi anachanganya liwa na dalia, anamkalisha binti mkekani, anamsugua mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayo, huku anamfundisha yale ambayo mama hawezi kuyasema akimtazama mwanawe usoni. Na anasugua kwa viganja vitupu. Hawataki kitambaa wala sponji. Wanasema mkono wa shangazi ndio unaomtoa binti nyumbani, na binti aliyetolewa na mkono mwingine ametoroka tu. Uwesu ana dada mmoja, na ana binti mmoja. Maana yake Kauthar alikuwa na nafasi hiyo mara moja tu katika maisha yake, na alikuwa akiingoja tangu Zuleha yuko darasa la tatu.

Basi Zuleha akachumbiwa na kijana wa Karema, kule ziwani, anayefanya biashara ya dagaa, harusi ikapangwa, na mikono ya shangazi ikaanza kuwasha.

Ilianza katikati ya vidole, muwasho wa kawaida ambao mtu anajikuna na kuendelea na shughuli. Baadaye ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka kwenye viungo, ikatoa maji. Kufikia pale Zuleha alipovalishwa pete, viganja vya Kauthar vilikuwa kama udongo wa mashamba ya Misunkumilo mwezi wa kumi, umekauka na kukatika vipande. Akishika kitana anauma meno. Wateja wakaanza kumtazama mikono kabla ya kukaa kwenye kiti, na wengine wakakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani.

Hapo ndipo kila mwenye mdomo akawa daktari. Zahanati walimtazama dakika moja wakasema fangasi, wakampa dawa ya tyubu. Akapaka, mikono ikawaka moto. Mteja mmoja akasema damu imechafuka. Mwingine, ambaye nilimshonea gauni na hakusema hata asante, akasema hicho ni kijicho, kuna mtu hataki amsinge yule binti. Mimi nilisema ni zile dawa za nywele, maana ukizisikia harufu tu machozi yanatoka, sembuse kuzishika. Kauthar akanisikiliza, akanunua glavu, akawa anavaa kila anapoosha kichwa au kupaka dawa. Mikono ikatota jasho ndani ya mpira, ikazidi kuchanika. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Labda kwao. Hapa Shanwe wengi tulikuwepo, na mikono ikaharibika tukiitazama.

Kisha akaja Melkiadi. Huyu ni kijana anayezunguka na kipaza sauti juu ya pikipiki, anauza vitu vya asili. Kutwa nzima anatangaza kwamba kemikali zinatumaliza, kwamba kila chupa ya dukani ina sumu ya kuifanya isioze, kwamba nyie akina mama mnajipaka kifo huku mkinukia. Ukimsikiliza kwa muda mrefu unaogopa hata sabuni ya kufulia. Alimuuzia Kauthar mafuta ya alovera na asali, ameyatia kwenye chupa iliyokuwa ya juisi.

"Haina kemikali hata moja, dada," akamwambia. "Hii ni mmea na nyuki tu. Ukipaka, ndani ya wiki mikono inarudi ya utoto."

Ndani ya wiki ilikuwa imerudi ile chupa, siyo mikono. Joto la kwetu mnalijua. Yale mafuta yalianza kunuka kama togwa iliyosahaulika, na ukifungua kifuniko unaona manyoya meupe yameota juu. Kwenye nyufa za vidole usaha ukaingia. Kauthar alimsubiri Melkiadi njiani, akammwagia chupa yote kwenye tangi la pikipiki, akamwambia nyuki wake wamemfikia salama. Nilicheka mpaka nikachoma kidole na sindano, lakini jioni nilipomfunga bandeji sikucheka.

Mimi nilimletea samli kutoka kwa mama yangu kule Misunkumilo. Kwetu mtoto anapakwa samli tangu siku ya kuzaliwa, na sijawahi kuona Msukuma mwenye ngozi iliyokatika. Na kusema kweli samli ilimtuliza. Kwa siku kadhaa alilala usingizi. Lakini mteja akikaa kwenye kiti, mikono ikipita karibu na pua, anauliza humu ndani kuna ng'ombe. Kauthar akaona aibu, akaacha.

Aliyehangaika kuliko sisi wote alikuwa Zuleha mwenyewe. Alikuwa anauza kwenye duka moja la vitu vya watoto pale mjini, na kila akitoka kazini alipitia kwa shangazi yake na pakiti ya vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, watu wanaviita waipsi. Mbele ya pakiti amechorwa mtoto mweupe, mnene, anacheka bila meno.

"Shangazi, acha kunawa na sabuni, inakuchubua," alikuwa akimwambia. "Tumia hizi. Kama hazimdhuru mtoto wa siku moja, zitakudhuru wewe?"

Nani angebishana na hoja hiyo? Mimi nilimsifu. Tena maji ya bomba pale kwetu yana ratiba yake ambayo hayamwambii mtu, kwa hiyo zile waipsi zilikuwa rahisi kuliko kubeba ndoo. Kauthar akimaliza kichwa anafuta mikono na waipsi. Kabla ya kuvaa glavu anafuta, akivua anafuta. Ili kuondoa harufu ya samli alifuta. Akila anafuta kabla na baada. Zuleha akaja na nyingine, na nyingine. Pakiti zilipangwa juu ya kabati la saluni, na watoto wote wa pakiti wakawa wanatucheka.

Siku zikaenda. Ikafika siku ya kusinga, na usiku wa kuamkia siku hiyo tukasikia kwamba madaktari bingwa wamekuja hospitali, yupo na wa ngozi. Nikafunga fremu. Nguo za harusi ya watu wengine zikanisubiri, na wenye nguo wakanitukana, nami sikujali. Tukakaa kwenye benchi tangu alfajiri na watu kama sisi, wenye mabaka, wenye majipu, kila mmoja na hadithi yake ya kuzungushwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alimshika Kauthar mikono bila glavu, na hapo tu nikampenda, maana kwa miezi hakuna mtu aliyemshika bila kusita. Akamuuliza vitu vyote vinavyogusa mikono yake. Kauthar akataja shampuu, dawa za nywele, sabuni, glavu, dawa ya zahanati, chupa ya Melkiadi. Akataja na samli, huku akinitazama.

"Kingine?"

"Hakuna kingine, daktari."

Na akiwa anasema hivyo, mkono wake ukaingia kwenye mkoba kwa mazoea, ukatoa kitambaa kimoja, ukaanza kufuta viganja, kwa sababu alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa hospitali. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Hii? Waipsi ya mtoto tu."

"Naomba pakiti."

Akaigeuza nyuma, akavua miwani, akaisogeza karibu na pua, akasoma yale mayai ya chawa. Kisha akataja jina moja, methylisothiazolinone, refu kama mabehewa ya treni ya Kaliua, akatwambia tusijisumbue kulitamka, tulitambue sura tu.

"Mama, kitu chochote chenye maji kikikaa kinaoza," akasema. "Ukiacha uji mezani, keshokutwa una ukungu. Hivi vitambaa vimelowa, na vinakaa dukani mwaka mzima havioti kitu. Unadhani ni kwa nini?"

"Wameweka dawa," Kauthar akasema.

"Wameweka kihifadhi. Na vihifadhi si shetani, usije ukatoka hapa unatangaza hivyo. Yule aliyekuuzia alovera hakuweka, ukaona kilichoota. Lakini kuna vichache ambavyo ngozi za baadhi ya watu zinavikataa, hasa mtu akikipata kimojawapo kila siku, mara nyingi, na kikabaki kwenye ngozi bila kusuuzwa. Ngozi ikishakikataa haisahau. Hapa sina vipimo vya kuthibitisha, na muwasho wa kwanza huenda ulitokana na shampuu, ila nina mashaka makubwa kwamba hii pakiti ndiyo inayouzidisha na kukuzuia usipone. Acha kabisa. Paka mafuta ya mgando matupu, yasiyo na manukato. Hayo hayana maji, hayahitaji kihifadhi. Na usiogope, huu si ugonjwa wa kuambukiza."

"Itapona lini?"

"Wiki tatu, nne. Ukiacha kweli."

Kauthar akamtazama kama mtu aliyesomewa hukumu. Kule nje, mimi ndiye niliyekuwa naongea, naongea peke yangu kama kichaa, namlaumu aliyechora yule mtoto, namlaumu aliyeandika kwa herufi za sisimizi, naulaumu mfumo mzima unaomfanya mwanamke wa Shanwe ahitaji daktari bingwa ili asomewe pakiti ya kufutia mikono. Hivi ni kwa nini picha iwe kubwa na ukweli uwe mdogo? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi fundi nguo sikukiona.

Kauthar akanishika kiwiko. "Mama Makoye. Zuleha asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba ni zile zake. Kesho anaolewa. Usimtie mtoto jambo hilo kifuani."

Nikamwambia atajua tu. Akasema akijua, ajue akiwa mke wa mtu tayari. Nikakubali, na kukubali kwangu bila ubishi si kitu kidogo, muulize mume wangu.

Mchana tulipofika nyumbani kwa Uwesu, wanawake walikuwa wameshajaa, mkeka umetandikwa chumbani, liwa limesagwa. Rabia, mama yake Zuleha, alimchukua Kauthar pembeni karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nyuma yao na sinia la vitumbua.

"Wifi, usinielewe vibaya," Rabia akasema kwa sauti ya chini. "Ile mikono. Watu wa Karema wameshaanza kuuliza. Wanasema bi harusi asije akaenda kwao na madoa."

"Daktari kasema haiambukizi. Muulize Mama Makoye."

"Mimi nakuamini. Lakini nitamwambia nani, na wao watamwamini nani? Mdogo wangu atamsinga. Wewe utakaa pale pale, utaelekeza."

Nilifungua mdomo kutoa yangu. Kauthar akanikanyaga mguu. Akamwambia Rabia sawa, wifi, muhimu mtoto atoke vizuri. Akaingia chumbani akakaa kwenye kona ya mkeka, mikono ameificha ndani ya khanga.

Sijawahi kuona kitu kilichonikera kama kile. Mama mdogo mtu hakujua kusinga. Alisugua kama anayesafisha sufuria, mara kwenye bega mara kwenye goti, hana mpangilio. Kauthar akawa anaelekeza kwa mdomo: anza shingoni, shuka, usirudi juu, kiganja chote, usitumie vidole. Maneno ya mafunzo aliyasema yeye, maneno mazuri ambayo sitayaandika hapa, lakini mikono iliyotembea mwilini mwa yule binti ilikuwa ya mtu mwingine. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilipiga kimoja tu.

Walipomaliza, Zuleha alijifunga khanga akamfuata shangazi yake pale konani. Alikuwa analia. Akaitoa mikono ya Kauthar ndani ya khanga, akaitazama ile michubuko, kisha akavuta mkoba wake, akatoa pakiti mpya kabisa, akaifungua, akaanza kumfuta. Kidole kwa kidole, polepole, kama anavyofutwa mtoto mchanga.

"Ningekusubiri upone, shangazi," akasema. "Ila wakwe hawakutaka kusogeza siku."

Nilitaka kuinuka nimpokonye. Naapa nilishanyanyua goti. Kauthar akanitazama juu ya kichwa cha yule binti, akatikisa kichwa mara moja, na akaacha afutwe. Niliona shingo yake ikikaza kila kitambaa kilipopita kwenye ufa. Akasema, "Ahsante mwanangu." Nikatoka nje nikawafokea kuku.

Harusi ikapita, Zuleha akaenda Karema. Kauthar alizichoma pakiti zote nyuma ya saluni, akapaka mafuta yake ya mgando, akabeba maji kwa ndoo hata siku nilizomwambia apumzike. Shampuu aliyokuwa akinunua kwenye madumu, isiyo na maandishi yoyote, aliiacha pia, akatafuta iliyoandikwa, akawa anasimama dukani na lenzi ya simu yangu anatafuta lile jina la treni huku muuzaji akisonya. Mikono ikapona. Ngozi ikarudi laini, nyeusi, nzima. Ilikuwa imechelewa kwa mwezi mmoja, basi. Nilipoiona nilitamani kupiga kitu ngumi.

Jioni moja tuko kibarazani, Zuleha akapiga simu. Kauthar aliiweka sauti ya nje, maana alikuwa anasuka mtu.

"Shangazi, mikono vipi?"

"Imepona, mwanangu. Haina hata alama."

"Si nilikwambia?" Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. "Nilikwambia zile waipsi zitakuponya, ulikuwa huna subira tu. Sikia, hata mama mkwe nimempa. Anashika dagaa kutwa, mikono yake mikavu. Nimempa pakiti, nikamwambia hizi ndizo zilizomponya shangazi yangu. Sasa vidole vimeanza kumwasha na kupasuka, anataka kuacha. Nimemwambia avumilie, aongeze, hata ya kwako iliwasha kwanza."

Kauthar aliacha nywele mkononi. Alisema sawa, mwanangu, nisalimie wote, akakata. Mteja akauliza kuna nini. Kauthar alijua mwenyewe la kufanya, na lilikuwa limemkaa usoni. Akafuta mikono kwenye khanga, akachukua simu, akapiga tena.

"Zuleha, ni mimi. Kaa chini." Akamweleza yote, daktari, pakiti, lile jina refu, na kwamba alijua tangu asubuhi ya siku ile ya mkeka. Hakuzunguka.

Nilisikia upepo wa ziwa ukipiga kwenye simu, na mtu akiita mtu kwa mbali.

"Kwa hiyo ni mimi," Zuleha akasema mwishowe. "Ni mimi niliyekuzuia usinisinge."

Nilimtazama Kauthar, nikajua atasema hapana. Angeweza. Mtu yeyote angesema hapana.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Kamnyang'anye mama mkwe wako hiyo pakiti kwanza. Ukirudi tutalia."